Mchanga wa Tangi Unapobadilika Rangi

Mtu anayeamua kufuga matumbawe sebuleni kwake Kampala huanza na hofu kubwakubwa: chumvi ataipata wapi, samaki watasafiri vipi kutoka pwani, umeme ukikatika itakuwaje. Hizo zote zina majibu. Kinachomvunja moyo huja polepole, wiki ya tatu au ya nne baada ya tangi kujazwa, pale mchanga mweupe alioununua kwa bei ya kuumiza unapoanza kushika madoa ya kahawia. Anayafuta, kesho yamerudi. Anapunguza saa za taa, madoa hayajali. Mwisho anaulizia dawa, na kuanzia hapo pesa inatoka bila mpango.

Mwani, taa na mchanga huzungumzwa kana kwamba ni mambo matatu, kila moja na ushauri wake na chupa yake dukani. Ni hesabu moja. Kuna chakula kinachoingia majini, kuna mwanga unaoamua chakula hicho kitaliwa na nani, na kuna mchanga unaokiweka akiba na kukirudisha siku usiyoitazamia. Anayeshughulikia kimoja na kuviacha viwili atakuwa anahamisha tatizo kutoka kona moja ya kioo hadi nyingine.

Chakula kinakwenda wapi

Samaki akila, sehemu kubwa ya alichokula hurudi majini kama amonia na kinyesi. Bakteria waliojaa kwenye mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wengine, wale wanaoishi mahali pasipofikiwa na oksijeni, huivunja naitreti hadi ikawa gesi ya nitrojeni na kutoka hewani. Fosfeti haina mlango huo. Iliyoingia na chakula itabaki ndani mpaka uitoe wewe mwenyewe: kwa kubadilisha maji, kwa kuinasa kwenye kichujio maalumu, au kwa kuvuna kitu kilichokwisha kuila.

Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Sasa sikiliza lalamiko linalorudiwa kila mahali: "Nimepima, fosfeti ni sifuri, lakini mawe yameota manyoya ya kijani." Kipimo hakijakosea. Kinaonyesha kilichobaki majini, si kilichoingia. Mwani umekwisha kuila fosfeti kabla hujachota maji ya kupima. Isitoshe, mawe na mchanga wa asili ya chokaa hushika fosfeti inapokuwa nyingi na kuiachia inapopungua, kwa hiyo unaweza kubadilisha maji miezi miwili kipimo kisisogee, halafu kikashuka kwa mkupuo.

Anayetaka kuiona hesabu hii kwa macho bila kununua tangi aende Ggaba, kando ya Ziwa Victoria. Ghuba ya ndani ya Murchison hupokea maji ya mfereji wa Nakivubo, unaobeba uchafu wa jiji, na ukijani wa maji yake hauhitaji darubini. Ziwa Victoria kwa jumla lilikuwa na daiatomu, mwani wa seli moja wenye gamba la silika, kwa wingi hadi miaka ya 1960. Fosforasi ilipoongezeka, daiatomu ziliitumia silika iliyoyeyuka majini mpaka ikapungua sana, na sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga, wakachukua nafasi. Kwenye tangi la lita 200 mara nyingi utauona mfuatano huohuo, daiatomu kwanza na sayanobakteria baadaye, ila hapo unachukua miezi badala ya miongo.

Soma rangi kabla ya kufungua pochi

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu vitu vinavyoitwa "mwani" kwa jumla ni viumbe wa koo tofauti, na dawa ya mmoja ni karamu ya mwingine.

Vumbi la kahawia lililolala juu ya mchanga na kioo, ambalo kidole kikipita linafutika bila kunata, ni daiatomu. Viumbe hawa hujenga magamba yao kwa silika. Katika tangi jipya silika hutoka kwenye maji uliyojazia na mchanga wenyewe. Ikiisha, nao huisha. Usifanye lolote zaidi ya kufuta kioo. Lakini zikirudi kwenye tangi lenye umri wa miaka miwili, kagua mtambo wako wa kusafisha maji. Maji ya bomba ya NWSC, shirika la maji la taifa, yanafaa kunywewa baada ya kuchemshwa, ila kwa matumbawe yana klorini na yanaweza kuwa na silika, naitreti na fosfeti, kwa hiyo hupitishwa kwenye utando wa RO, wenye matundu madogo mno yanayozuia chumvi, kisha kwenye punje za resini. Resini ikianza kuchoka, silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupenya. Maji ya mvua yaliyotiririka juu ya mabati usiyategemee: mabati yamepakwa zinki, na konokono na matumbawe hudhurika na zinki kwa kiasi kidogo sana ambacho wewe hungekihisi.

Utando wa rangi ya damu ya mzee, unaotandaa juu ya mchanga na kubanduka vipande vipande ukiushika, ni sayanobakteria. Hawa ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, si mwani hasa. Ifikapo alasiri utando huwa umejaa vipovu vya oksijeni, na ukiunusa unanuka shombo la tope. Hupenda mahali maji yanapodumaa. Wanyonye kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, geuza pampu ielekee pale walipokuwa, punguza chakula cha samaki. Wapo wanaokimbilia erithromisini, na kweli huwaua, lakini ni antibiotiki: haichagui vizuri kati ya bakteria unaowachukia na wale wanaokusafishia amonia, na utando unapooza kwa pamoja oksijeni hushuka. Kwangu mimi hiyo ni hatua ya mwisho kabisa.

Halafu kuna nyuzi za kahawia zenye vipovu kwenye ncha, zinazoning'inia kama kamasi, zikipungua usiku na kurudi kamili saa saba mchana. Hizi ni dinoflajeleti, na ndizo zinazoharibu matangi ya watu wenye bidii. Hutokea sana pale mfugaji alipofanikiwa kuishusha naitreti na fosfeti hadi sifuri. Mwani wa kawaida unakufa njaa, bakteria wanadhoofu, na hawa waliozoea kuishi kwa uhaba wanabaki na uwanja peke yao. Ukiwatibu kama mwani mwingine, kwa kuosha maji zaidi na kubana chakula, unawazidishia nafasi. Konokono wakianza kufa bila sababu, shuku zaidi, kwa kuwa baadhi ya jamii za dinoflajeleti, kama Ostreopsis, zina sumu.

Kuna jaribio la kuwatambua lisilo na gharama. Nyonya kiasi cha uchafu huo na maji ya tangi kwenye chupa ndogo, uitikise kwa nguvu hadi nyuzi zote zivunjike, kisha umimine kupitia karatasi laini ya jikoni. Maji yatakayopita yataonekana karibu safi. Yaweke chini ya taa kwa saa moja. Ikiwa ni dinoflajeleti, seli zilizopenya karatasi zitajikusanya tena na kuanza kufanya nyuzi mbele ya macho yako. Daiatomu na sayanobakteria hawafanyi hivyo. Ukishathibitisha, tiba yake inaonekana kinyume: lisha samaki zaidi, acha kubadilisha maji kwa muda, ongeza naitreti na fosfeti hadi zisomeke kwenye kipimo, punguza mwanga. Taa ya UV kwenye mzunguko wa maji huwapunguza wale wanaoelea usiku. Jamii ya Amphidinium hujificha mchangani, UV haiwapati.

Manyoya ya kijani kwenye mawe ndiyo mwani wenyewe, na hapo ndipo fosfeti iliyozidi inastahili kulaumiwa. Toa jiwe, lisugue kwa mswaki mgumu kwenye ndoo ya maji ya chumvi, nje ya tangi, ili vipande visisambae. Vaa glavu na miwani: baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya Palythoa yana sumu kali, palitoksini, na kuchemsha jiwe lenye matumbawe hayo jikoni kumewahi kulaza familia nzima hospitali katika nchi nyingine, kwa kuvuta mvuke tu. Konokono wa jamii ya Turbo na Trochus watakula mabaki, lakini hawali nyuzi ndefu. Tasi anazila vizuri, kangaja pia, ila hao ni samaki wa kukua. Kumweka kangaja katika lita 200 ni kumtesa.

Magamba ya rangi ya waridi na zambarau yanayotambaa juu ya mawe nayo ni mwani. Yaache. Hujengwa kwa kalsiamu na huziba nafasi ambayo manyoya yangeota.

Mwanga

Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi viumbe wadogo wa usanisinuru, na tumbawe linapata sehemu kubwa ya nishati yake kwao. Kinachowachanganya watu ni kwamba viumbe hao nao ni dinoflajeleti, ndugu wa wale wabaya. Kwa hiyo hakuna taa itakayolisha matumbawe na kuwanyima mwani kabisa. Kuna taa inayopendelea upande mmoja kidogo, basi.

Maji ya bahari humeza nyekundu mapema. Ukishuka mita kumi imebaki kidogo sana, na chini ya hapo ni buluu inayotawala. Ndiyo maana taa za matumbawe zina buluu nyingi, kati ya nanomita 400 na 500 hivi, na ndiyo maana taa nyeupe ya kuangazia ua iliyonunuliwa duka la vifaa vya umeme, ingawa inaweza kukuza matumbawe laini, huulisha mwani wa kijani zaidi ya unavyotaka. Lakini mwani wa kijani nao unaijua buluu. Aliyekuuzia taa mpya akikuahidi kwamba rangi yake pekee itaondoa manyoya, amekuuzia nusu ya habari.

Ukali wa mwanga hupimwa kwa PAR, yaani kiasi cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150, yale magumu yenye polipu ndogo na matawi huhitaji 200 hadi 350. Kipimo chake ni ghali, na vyama vya wafugaji mahali pengine hununua kimoja na kuazimana. Kwa nini tusifanye hivyo hapa Kampala sijui. Bila kipimo, tumbawe lenyewe litakueleza: likipauka na kuwa jeupe, mara nyingi limezidiwa na mwanga na kuwafukuza wapangaji wake, likiwa la kahawia isiyo na uhai, mwanga ni hafifu au virutubisho vimezidi. Taa mpya anza nayo kwa asilimia 40 hivi ya nguvu zake, uipandishe kwa wiki tatu au nne. Saa nane hadi tisa za mwanga kamili kwa siku zinatosha. Hoja kwamba ikweta ina mchana wa saa kumi na mbili, kwa hiyo taa iwake saa kumi na mbili, inasahau kwamba jua la asubuhi na la jioni hupiga maji kwa mshazari na mwanga mwingi haufiki chini.

Na kwa kuwa tumetaja ikweta: dirisha. Kampala iko kiasi kidogo tu kaskazini mwa mstari, kwa hiyo jua huingia dirisha la kaskazini karibu na mwezi Juni na dirisha la kusini karibu na Desemba. Tangi lililowekwa mahali "pasipo jua" mwezi Machi linaweza kupigwa na jua la moja kwa moja miezi mitatu baadaye, na mwenye nyumba akashangaa mwani umetoka wapi wakati hajabadilisha kitu. Pazia zito hapo lina faida kuliko chupa yoyote. Ule mstari wa kijani unaouona kwenye kioo, chini ya usawa wa mchanga, unatokana na mwanga huohuo wa pembeni; ni wa kuudhi macho tu.

Umeme nao una namna yake ya kuharibu ratiba. Saa ya plagi ya kuzungusha husimama umeme ukikatika na kuendelea ilipoachia. Kukatika kwa saa mbili leo na saa nne Alhamisi, na wiki haijaisha taa zako zinazima usiku wa manane na mwanga wa dirishani umeanza asubuhi. Matumbawe yanapata mwanga mara mbili, mwani unashangilia. Nunua saa yenye betri ndani. Giza lenyewe lisikutishe: matumbawe hustahimili siku mbili tatu bila taa, tena giza la siku tatu ni tiba inayotumika dhidi ya sayanobakteria. Kinachoua umeme ukikatika ni maji kusimama na oksijeni kuisha, kwa hiyo fedha ya betri ielekee kwenye pampu ya hewa kabla ya taa.

Mchanga upi, na wa kina gani

Swali linalokuja kila mara: kwa nini nisinunue mchanga wa Lwera, ule wa kinamasi cha barabara ya Masaka? Ni safi, ni rahisi, lori zinapita kila siku. Jibu ni kwamba mchanga wa maziwa na mito yetu ni wa silika hasa, mgumu, usioyeyuka. Haui tangi, na uoga kwamba utalisha daiatomu milele umetiwa chumvi, lakini una udongo na uchafu wa kinamasi, na haufanani na mchanga wa mwamba wa matumbawe, ambao ni kaboneti ya kalsiamu: magamba, vipande vya matumbawe, na kinyesi cha pono, samaki anayetafuna mwamba na kuutoa kama mchanga.

Kuutambua ni rahisi. Weka punje kidogo kwenye kisahani, dondosha siki. Wa kaboneti utachemka vipovu vidogovidogo kwa sauti unayoweza kuisikia ukisogeza sikio. Wa silika utakaa kimya. Lakini hapa Uganda siki haitoshi. Mawe ya chokaa ya Tororo nayo yatatoa vipovu, na mtu anaweza kusema amepata mchanga wa nyumbani. Miamba ya eneo hilo ni ya asili ya volkeno na hubeba fosfeti. Sukulu, hapohapo jirani, ni hazina ya fosfeti, malighafi ya mbolea. Kuisaga na kuimwaga kwenye tangi la matumbawe ni kumwagia mwani mbolea kwa mkono wako. Chumvi ya Katwe nayo, Katwe ya Kasese, si ile ya mafundi wa Kampala, inaingia kundi hilohilo la mawazo mazuri yasiyofanya kazi: maji ya ziwa lile yana kaboneti na salfeti nyingi na kalsiamu na magnesi kidogo mno. Chumvi ya tangi hununuliwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, karibu kilo 7 kwa lita 200, na kwa uwiano huohuo kila mara unapobadilisha maji.

Wala usichote mchanga au tumbawe ufukweni Mombasa ukarudi navyo kwenye buti. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Uganda na Kenya zote ni wanachama, na bila kibali utapoteza vyote mpakani.

Punje za milimita 1 hadi 2 ndizo zisizosumbua sana: nyembamba zaidi hupeperushwa na pampu, nene zaidi hutega mabaki ya chakula. Kina nakipendekeza sentimita 3. Hapo mpira wa kunyonyea unafika chini, na unaweza kusafisha robo ya eneo kila unapobadilisha maji bila kuwashtua bakteria wote kwa pamoja. Wapo wanaopenda kina cha zaidi ya sentimita 10, ambako tabaka la chini halina oksijeni na huvunja naitreti. Hufanya kazi, mradi usiuguse kamwe. Sentimita 6 au 7 ni sawa na kutopata faida ya upande wowote: ni nzito kusafisha na si nzito ya kutosha kujiendesha. Usiamini kwamba mchanga wa kaboneti utakushikilia pH, kipimo cha asidi ya maji. Katika maji ya pH 8.1 hadi 8.3 hauyeyuki kiasi cha maana.

Wanyama wa kuuchimba wapo. Konokono wa Nassarius hujizika na kuibuka wakinusa chakula, hawali mwani hata kidogo. Kiti cha pwani anayechuja mchanga husafisha vizuri miezi michache, kisha hufa kwa njaa katika tangi dogo kwa kuwa amemaliza viumbe wote waliomo. Jongoo bahari anaweza kuitia sumu tangi akifa au akinyonywa na pampu, mwache aliko.

Mchanga wa zamani hubadilika kuwa akiba. Kila kilichopotea humo miaka mitatu kipo: fosfeti iliyoshikwa, uchafu mweusi, na mahali oksijeni isipofika, sulfidi hidrojeni, ile gesi inayonuka mayai viza. Ndiyo maana mtu akihama kutoka Ntinda kwenda Kira na kubeba tangi lake na mchanga wake wote, samaki hufa siku ya pili na yeye analaumu safari. Utaratibu ni huu: samaki na matumbawe kwanza, kwenye ndoo zenye pampu ya hewa, mawe ndoo nyingine, chini ya maji, bakteria wengi wamo humo, maji safi ya juu yachotwe kabla mchanga haujachafuka. Mchanga utoke mwisho, na usirudi kama ulivyo. Ukiutaka, uoshe kwa maji ya bomba mara nyingi hadi yatoke meupe, suuza na maji ya RO, na uuhesabu kama mchanga mpya. Kwenye nyumba mpya daiatomu zitaonekana tena wiki chache za mwanzo, hata tangi likiwa la miaka mingi. Futa kioo, pima, na uache taa kwenye asilimia 40 hadi zipite.